Nishati Isiyo na Mwenyewe

Mkono wa kreni ulianza kutetemeka saa tisa usiku,
si msituni: kwenye kioo cha kompyuta, Hervanta, ghorofa ya pili,
nje nyuzi ishirini na mbili chini ya sufuri
na theluji imelala juu ya baiskeli zisizo na wa kuzichukua.

Sekunde ya nne, mkono umeinua gogo la msonobari.
Sekunde ya tano, unatikisika
kama mtu aliyeitwa na watu wawili kwa pamoja.
Sekunde ya sita gogo limepaa,
na kila namba kwenye jedwali imegeuka kuwa si namba.

Mimi ni wa vyuma. Programu yangu yajua bawaba,
pini, uzito wa kila kipande, kinachovuta na kinachovutwa.
Ya Torsti, ghorofa ya tatu, yajua mafuta:
shinikizo ndani ya silinda, vali iliyofunguka upana wa unywele,
bomba la mpira linavyovimba likibanwa.
Yangu haijawahi kuona tone la mafuta.
Yake haijui kama duniani kuna gogo.

Tukazitobolea mlango mdogo.
Naipa kasi ya pistoni, yanirudishia nguvu.
Nipe nikupe, kila sehemu ya elfu ya sekunde,
kisha kila moja hujifungia chumbani mwake
ikokotoe gizani,
ikiamini mwenzake yuko vilevile alivyomwacha.

Hayuko.

Siku tisa tuliandikiana barua pepe, ngazi kumi na nane kati yetu.
Ni vyuma vyako. Ni mafuta yako.
Siku ya kumi nikahesabu nishati kama muuza duka anayeshuku droo:
iliyoingia, iliyotoka, iliyoliwa na msuguano.
Hesabu ikagoma kufunga. Kulikuwa na ziada.
Injini haikuitoa, wala mteremko, wala mafuta.
Ilizaliwa pale mlangoni,
kwenye kule kujibu leo swali la jana,
haba na haba, hadi kibaba kikafurika
kikarusha mti.

Baba yangu, Kalervo, aliendesha mashine za msitu majira thelathini ya baridi, Kainuu.
Sasa halali chali. Mtetemo ulihamia mgongoni, ukajenga.
Nampigia kila Jumapili. Namuuliza jambo,
ananyamaza,
nami siwezi kunyamaza, namuuliza la pili,
na jibu lake la kwanza linafika limevaa swali lisilo lake.
Unakula vizuri? ... Utaiuza nyumba?
Ndiyo, akasema.
Tuligombana kwa ndiyo ile mwaka mzima,
na hakuna kati yetu aliyeutia ugomvi ule kuni.

Torsti alishuka na soksi za sufu na chupa ya kahawa.
Hakusema pole, nami sikusema.
Alivuta kiti. Tukazifundisha programu kurudi nyuma:
hatua ileile, mara ya pili, mara ya tatu,
nguvu hii, kasi ile, hapana, tena,
mpaka zote mbili ziseme kitu kimoja
ndipo saa iruhusiwe kusogea.

Ni polepole hadi aibu. Sekunde kumi za gogo
zilikula usiku kucha na nusu ya asubuhi.
Lakini mkono uliinuka, ukatetemeka kidogo tu,
mtetemo wake wenyewe, wa chuma kilichobeba mzigo,
ukatulia.

Kiti cha dereva bado hakimo.
Kiti ni programu ya tatu, ya kampuni nyingine,
na anayeijua yuko likizo hadi Machi.
Baba aliwahi kuuliza hilo, Krismasi:
hiyo michoro yenu, inajua kuna mtu amekaa?

Jumapili nikampigia. Mgongo vipi, nikauliza,
nikauma ulimi.
Nikahesabu.
Kumi na moja. Kumi na mbili.
Nikasikia anavuta pumzi.